Trekta Kuukuu Mikononi mwa Kikundi

Safari hii tungependa kuzungumza nanyi juu ya trekta ndogo ya zamani, kwa sababu swali hili linarudi kila mvua ya Machi inapokaribia: je, kikundi chenye pesa kidogo kinaweza kununua trekta kuukuu na kuiendesha chenyewe? Jibu letu ni ndiyo, kwa sharti moja. Kabla ya kununua, mjue ni nani atakayeiangalia kila asubuhi. Kamati haiwezi kuchungulia oili. Awe mtu mmoja, na jina lake liandikwe.

Wengi wetu tunaoishi Obunga tunakula kwa kazi ya mji, kuna wa mgongo wazi, kuna wa jua kali, lakini shamba liko dala. Na udongo wa Kano mnaujua. Ukikauka unapasuka na kuwa kama tofali, ukilowa unanata mpaka jembe halinyanyuki. Siku za kuulima vizuri ni chache. Trekta ikilala wiki hiyo, imekula msimu mzima, na wale waliolipa mapema watakuja kudai pesa zao. Vikundi vinavunjika kwa jambo kama hilo.

Tuchukue mfano wa Massey Ferguson 135, maana ndiyo wengi wanaijua. Ilitoka mwaka 1964 kuchukua nafasi ya ile 35, na iliundwa Coventry, Uingereza. Ya dizeli ina injini ya Perkins ya silinda tatu, lita 2.5, nguvu ya farasi 45 hivi. Haina kompyuta yoyote. Fundi wa jua kali anaifungua kwa spana za kawaida, na spea si shida sana kwa sababu MF 240, ambayo injini yake ni ya ukoo huo huo, iliendelea kuundwa Pakistan. Kwa hiyo ukubwa wa umri usiwatishe.

Trekta haifi kwa uzee. Inakufa kwa uchafu na kwa kukosa mwenyewe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi mkubwa wa karanga Tanganyika, wakaanzia Kongwa. Trekta nyingi zilikuwa masalio ya jeshi, madereva walifunzwa mbiombio, spea hazikutosha, na ardhi ngumu ikala vyuma. Nyingi zililala bila kazi, na mwaka 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Kama serikali nzima ilishindwa hivyo, sisi wenye pesa za nyoluoro tuwe waangalifu zaidi.

Basi huyo mtu wa asubuhi afanye nini?

Aanze na hewa, kwa sababu hapo ndipo injini nyingi zinauawa polepole bila mtu kujua. Injini ya lita 2.5 ikizunguka mara 1,500 kwa dakika inavuta lita elfu moja na mia tano hivi za hewa kila dakika. Sasa fikirini vumbi la Februari nyuma ya jembe la diski. Vumbi hilo likipita, linasugua silinda kama msasa. Trekta nyingi za zamani husafisha hewa kwa bakuli la oili lililo chini ya kisafishio: hewa inapita juu ya oili, vumbi linanaswa. Wakati wa vumbi bakuli hilo lifunguliwe kila siku. Ukikuta tope zito chini, mwaga, osha kwa dizeli, tia oili safi mpaka kwenye alama. Usizidishe, maana ikizidi injini itainyonya. Kisha kagua ule mpira unaounganisha kisafishio na injini. Mpira ukipasuka, bakuli safi halisaidii chochote, hewa inapita njia ya mkato.

Oili ya injini ipimwe kabla ya kuwasha, trekta ikiwa mahali tambarare. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Msiwashe, iteni fundi. Vitabu vya trekta za namna hii husema oili ibadilishwe pamoja na filta kila baada ya saa fulani za kazi. Kwa kazi ya vumbi, na injini iliyochoka, sisi tungebadilisha mapema kuliko hapo. Oili ni ghali, ndiyo, lakini krankshafti ni ghali mara nyingi zaidi.

Maji ya redieta yaangaliwe injini ikiwa baridi. Ikiwa moto msifungue kifuniko, mvuke utamchoma mtu uso. Maji ya mvua ni mazuri kuliko ya kisima chenye chumvi. Na hapo mbele ya redieta ondoeni mbegu za nyasi na makapi yaliyoziba, kwani hayo peke yake yanatosha kuchemsha injini.

Dizeli ni habari nyingine. Pampu na nozeli zimechongwa kwa usahihi mkubwa sana, na tone la maji au mchanga kidogo unaziharibu. Msinunue dizeli ya mitungi iliyochanganywa mafuta ya taa. Mkitumia mtungi, uacheni utulie usiku kucha, kisha mimineni bila kufikia chini. Jazeni tanki jioni, maana tanki tupu linatoa jasho ndani usiku na jasho hilo ni maji. Na msiache dizeli iishe kabisa shambani. Ikiisha, hewa inaingia kwenye mabomba, na hata mkijaza tanki injini haitawaka. Hapo ndipo watu humaliza betri kwa kupiga stata bure. Dawa yake ni kutoa hewa. Legeza skrubu iliyo juu ya filta ya dizeli, piga pampu ndogo ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Fanya hivyo kwenye skrubu za pampu ya injekta. Mwisho legeza kidogo nati za mabomba ya nozeli, mwenzako apige stata, dizeli ikichuruzika kaza. Mikono ikae mbali na mabomba hayo, kwani dizeli yenye kishindo inaweza kutoboa ngozi, na mtu aliyetobolewa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata kama kidonda ni kama cha sindano.

Kuna jambo moja la MF 35 na 135 linalowasumbua wanaoanza. Jembe linakataa kunyanyuka, na mtu anasema haidroliki imekufa. Pengine haijafa. Pampu ya haidroliki inazungushwa pamoja na ile shafti ya nyuma ya kuendeshea mashine, kwa hiyo mkono wa shafti ukiwa katikati, pampu haifanyi kazi. Sukuma mkono huo mahali pake kwanza. Kama bado haunyanyui, angalia oili ya gia, kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayotumiwa na haidroliki. Kuna waliolipa fundi kwa jambo la kusogeza mkono tu!

Sasa hatari. Trekta hizi nyingi hazina fremu ya kumlinda dereva zikipinduka. Mnyororo wa kuvuta gogo au gari lililokwama ufungwe chini, kwenye sehemu ya kuvutia, usifungwe kamwe juu ya ekseli. Ukifungwa juu, mbele kunanyanyuka na trekta inamlalia dereva kwa sekunde chache. Ikizama kwenye tope la Kano, msifunge magogo kwenye magurudumu ya nyuma halafu mkanyage mafuta. Gurudumu likikatazwa kuzunguka, ni trekta yenyewe inayozunguka. Jaribuni kurudi nyuma, chimbeni, au ombeni trekta nyingine. Watoto wasipande kwenye madigadi, hata wa mwenyekiti. Shafti ya nyuma iwe na kifuniko, na hakuna leso wala koti refu karibu nayo. Mkienda barabarani kuelekea Ahero, zile pedali mbili za breki zifungwe pamoja, la sivyo breki itashika upande mmoja na trekta itageuka ghafla mbele ya matatu.

Kwa upande wa pesa, mita ya saa kwenye trekta kuukuu mara nyingi imekufa. Nunueni daftari. Kila siku dereva aandike saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ekari alizolima, lita za dizeli, na oili iliyoongezwa. Mweka hazina atoe pesa ya oili, filta na matairi kutoka kila ekari kabla ya mtu yeyote kugawiwa kitu. Zamani kwenye saga kila mtu alikuja na jembe lake, na likivunjika lilikuwa lake. Trekta ni ya wote, na hapo ndipo ugumu wake. Daftari likionyesha kwamba oili inaongezwa mara nyingi kuliko mwezi uliopita, mmejua injini inachoka miezi kadhaa kabla haijawaachia shambani, na mnaweza kupanga matengenezo baada ya kupanda.

Msimu ukiisha, osheni udongo wote, pakeni grisi kila nipeli mpaka ile ya zamani itoke, fungueni waya za betri, na egesheni chini ya paa. Mara moja kwa wiki mbili mtu wenu wa asubuhi arudishe waya, aiwashe mpaka ipate moto, kisha anyanyue na kushusha mikono ya nyuma mara kadhaa.