Unyayo Ukiwaka Moto: Mshipa wa Fahamu Umebanwa, Usikimbilie Vidonge Tu

Leo naweka pembeni mbegu na mbolea. Tuongee kuhusu mguu, maana ndiyo trekta ya kwanza ya mkulima, na ikigoma hakuna fundi wa kumpigia simu.

Msimu wa vitunguu uliopita nilikuwa nazunguka kwa wakulima na gambuti zilizonibana. Nikajisemea zitalainika. Baada ya wiki kadhaa unyayo wa kulia ukaanza kuwaka. Siyo uchovu wa kawaida, ni kama nimekanyaga majivu ya moto, na vidole vinachoma kama sindano. Usiku ndo balaa, shuka likigusa tu naamka.

Nikafanya tunachofanya wengi: duka la dawa, vidonge vya maumivu. Mwezi ukapita. Vidonge vikiisha moto unarudi, na tumbo nalo likaanza kulalamika.

Katikati ya hayo, kijana mmoja akanipigia simu kwamba majani ya vitunguu vyake yanaingia madoa meupe. Nikamwambia nakuja kesho. Kesho ikawa siku nne, maana kukanyaga gia ya pikipiki ilikuwa shida. Nilipofika thiripi walishatawala shamba. Hakunilaumu. Akasema tu, "Bwana shamba, pole na mguu." Ile pole iliniuma kuliko unyayo. Kesho yake nikaenda hospitali.

Kumbe tatizo ni nini?

Daktari alinipeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mpole. Kabla ya kunigusa aliuliza maswali mengi: una sukari? Mgongo unauma? Mguu mmoja au yote? Kisha akagonga taratibu kwa kidole nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Kitu kama shoti kikakimbia mpaka vidoleni.

Akanieleza hivi. Nyuma ya mfupa wa kifundo, upande wa ndani, kuna njia nyembamba iliyofunikwa na utepe mgumu. Humo hupita kano, mishipa ya damu na mshipa wa fahamu, yaani neva, unaokwenda kwenye unyayo. Kiatu kikibana, kifundo kikivimba baada ya kuteguka, au unyayo ukiwa bapa na mguu unalalia ndani, neva inabanwa. Ni kama mpira wa umwagiliaji uliokanyagwa na jiwe: ukiongeza presha ya maji husaidii kitu, ondoa jiwe kwanza.

Mazoezi niliyopewa

Alisema nipunguze kwanza kinachobana: gambuti kubwa kidogo, na soli ya ndani inayoinua upinde wa unyayo. Kisha haya, mara mbili kwa siku:

1. Kunyoosha kigimbi. Shika ukuta, mguu mbovu nyuma, goti limenyooka, kisigino chini. Hesabu sekunde 30, rudia mara 3. Kigimbi kikikaza, kifundo hubeba mzigo usio wake.

2. Kutelezesha neva. Kaa kwenye kiti. Nyoosha goti polepole huku unavuta vidole kuja kwako mpaka usikie mvuto kidogo, kisha kunja goti na kulegeza mguu. Mara 10. Usishikilie na usilazimishe. Ukiongeza nguvu unaichokoza neva.

3. Kukunja kitambaa. Tandika kitambaa sakafuni, kivute kwa vidole vya mguu. Misuli midogo ya unyayo inaamka.

4. Kuvuta tyubu. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye mguu wa meza upande wa nje, kizungushe unyayoni, kisha vuta unyayo kuelekea ndani. Mara 10, taratibu.

5. Kusimama mguu mmoja sekunde 30, karibu na ukuta usije ukaanguka.

Kanuni yake: mvuto mdogo sawa, ila ganzi au moto ukiongezeka na kubaki, punguza. Neva haipendi ubabe.

Kiukweli wiki mbili za mwanzo sikuona kitu, nikataka kuacha. Wiki ya tatu nililala usiku mzima. Wiki ya nane nikapanda pikipiki bila kuwaza mguu. Mpaka leo nikivaa kiatu cha kubana ananikumbusha. Kwa wengine mazoezi hayatoshi, na daktari anaweza kufikiria sindano au upasuaji.

Hili sasa linawahusu vibarua wako

Yule dada aliponiuliza wakulima wangu wanapandikizaje, nikamwonyesha: kuchuchumaa. Akatikisa kichwa. Kuna neva nyingine inayopita chini kidogo ya goti, upande wa nje, juu kabisa ya mfupa. Ukichuchumaa saa nyingi inabanwa. Mtu akisimama, mguu hauinuki mbele, vidole vinaburuza chini. Nchi za nje tatizo hili limepewa jina la wachuma stroberi, kwa sababu ya kuchuchumaa huko huko.

Nikajiuliza. Nafundisha sentimita 10 kwa 15. Kwa ekari moja hiyo ni zaidi ya miche laki mbili, na kila mche unasukumwa ardhini na mtu aliyechuchumaa. Miaka yote napima nafasi ya miche, sijawahi kuuliza habari ya magoti ya wanaoipanda. Hapo nilikosea, na nawaomba tusirudie:

- Kila nusu saa, kila mtu asimame na kutembea dakika mbili.
- Badilisheni: anayepandikiza ang'oe miche, anayebeba akapandikize.
- Weka vigoda vidogo au gunia la kupigia goti moja.
- Kibarua akisema "mguu umekufa ganzi", usimwambie avumilie mpaka amalize jaruba.

Usianze mazoezi kabla ya kupimwa kama:

- Mguu hauinuki au unaburuza. Hiyo ni hospitali leo, siyo baada ya mavuno.
- Ganzi iko miguu yote miwili, au una sukari.
- Una baka kwenye ngozi lisilohisi kitu. Ukoma upo, unatibika, na dawa zake ni bure.
- Maumivu yanashuka kutoka mgongoni.
- Uliwahi kudhurika na viuatilifu. Mwambie daktari, baadhi huathiri neva.
- Una kidonda unyayoni usichokisikia.

Yule kijana wa vitunguu alivuna, ila si alichotarajia. Nilimwomba radhi. Msimu huu nilimkuta shambani kwake amenunua vigoda sita, vibarua wamekaa wanapandikiza huku wanapiga stori. Akaniuliza, "Bwana shamba, mguu unaendeleaje?" Nikamwonyesha kwa kusimama mguu mmoja palepale kwenye tuta. Wakacheka wote.

Haya, kazi njema. Jioni ukivua gambuti, angalia na unyayo wako kabla ya kulala.