Hadithi za Dini kwa Nyumba Isiyosali: Nunua Hiki, Acha Kile

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 750,000 wasio na dini. Watoto wao husoma shule zilezile zenye CRE, IRE au HRE (masomo ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu) kwenye ratiba tangu madarasa ya chini. Kwa hivyo Nuhu, Musa na Yusufu watamfikia mtoto wako utake usitake. Ukitaka awasikie kwako pia kabla shule hazijafunguliwa Januari, hizi ndizo njia zilizopo na gharama zake.

Kitabu kipya cha picha. Hiki ni ghali kuliko vitabu vilivyotumika. Kabla ya kulipa, kifungue katikati. Kilichoshonwa kwa uzi kitawafaa hata wadogo wa mtoto wako. Kilichobandikwa kwa gundi tu kitaanza kumwaga kurasa upesi. Vitabu vya hadithi hutozwa VAT ya asilimia 16, kwa hivyo kilichoandikwa shilingi 1,000 kabla ya kodi ni 1,160, na bado hujalipa nauli ya kuletewa wala ada ya kutuma pesa kwa simu. Uliza bei ya mwisho, si bei ya tangazo.

Kisha soma mwisho wa hadithi mbili tatu. Vitabu vingi vimetungiwa familia zinazosali, na kila hadithi hufungwa kwa dua. Usipoitaka, utakuwa unaruka kurasa ulizolipia. Epuka pia mikusanyiko ya hadithi mia na zaidi: bei ya kila hadithi huonekana ndogo, lakini nyingi ni aya tatu na picha moja. Hadithi kumi zilizosimuliwa kikamilifu zina faida zaidi.

Inama. Wauzaji wa vitabu vya mitumba kando ya barabara za Nairobi watakupa kitabu kama hicho kwa bei nafuu sana, na mnaweza kupatana bei. Taabu ni kwamba huwezi kuagiza. Unachukua kilichopo, na vingi ni vya Kiingereza na vya Kikristo. Hesabu kurasa kabla hujatoa pesa, maana ukifika nyumbani hakuna wa kumrudishia.

Kitabu cha shule kilichotumika. Watu hukisahau, ilhali kwa pesa kidogo hakina mpinzani. Mtaala ukibadilika, toleo la zamani hushuka bei, lakini hadithi ya Daudi na Goliathi haijabadilika. Nunua cha CRE na cha IRE cha gredi moja, mtoto aone majirani wawili wanavyosimulia. Kasoro yake ni karatasi nyepesi na mazoezi yaliyokwisha kujazwa kalamu.

Maandiko yenyewe. Ukisoma mwenyewe kwa sauti, hii ndiyo njia inayodumu miaka mingi zaidi kwa bei yake. Biblia ya Habari Njema ni nyepesi kwa sikio la mtoto kuliko Union Version ya 1952. Kurani ina tafsiri ya Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, nayo ina maelezo ya kumsaidia msomaji. Anza na Yusufu, kwa sababu yumo kote: kitabu cha Mwanzo kuanzia sura ya 37, na sura ya 12 ya Kurani, yenye aya 111. Ina wivu wa ndugu, kisima, jela na msamaha. Hakuna mtoto atakayesinzia.

Tahadhari moja: Agano Jipya linalogawiwa bure halina hadithi kamili za Nuhu, Yusufu wala Yona. Hizo zimo katika Agano la Kale.

Simu. Maandiko mengi husomwa bure mtandaoni. Gharama imejificha kwenye bando na kwenye programu za katuni zinazojilipisha kila mwezi. Tuseme ni shilingi 300 kwa mwezi: kwa mwaka ni 3,600, na ukiacha kulipa hubaki na kitu. Ukiamua video, pakua kwenye Wi-Fi ya bure na uitazame kwanza. Nyingine humtishia mtoto moto wa jehanamu.

Sunday school, madrasa na nyanya. Kiingilio cha Sunday school huwa bure, lakini kuna sadaka, fulana ya kambi na nauli ya safari. Madrasa nyingi zina ada na sare. Na kote huko mtoto anafundishwa kuamini, si kusikia hadithi tu. Kama hilo hulitaki, usipeleke mtoto kisha ukagombana na mwalimu.

Nyanya ni bure na husimulia kuliko kitabu chochote. Patana naye mapema, kwa heshima: “Mama, msimulie hadithi zote unazozijua, hata za Gikuyu na Mumbi. Mambo ya ubatizo tutazungumza sisi wakubwa.” Lisiposemwa mwanzoni, gharama yake huja baadaye, na si ya pesa.

Maktaba. Mkaaji wa Eastlands, Nairobi, ana matawi ya maktaba ya McMillan ya Kaloleni na Makadara. Uliza ada ya mtoto na faini ya kuchelewesha. Ni njia nzuri ya kujaribu kitabu kabla ya kukinunua.

Uamuzi wangu? Kama mfuko ni mtupu, soma Yusufu kwenye simu kwa sauti yako, na nyanya amalizie. Ukiwa na shilingi mia chache, chukua vitabu viwili vya shule vilivyotumika. Ukifikisha elfu moja na ushei, ongeza kitabu kimoja cha picha kilichoshonwa vizuri. Programu ya kulipia kila mwezi, achana nayo.

Na usomapo, anza hivi: “Wakristo husimulia kwamba…”, “Waislamu husimulia kwamba…”. Akiuliza kama ni kweli, mwambie unachoamini wewe na wanachoamini wao. Jibu hilo halitozwi VAT.