Penseli ya Makaa na Mchoro wa Mnyama: Maelezo kwa Mchoraji Anayeanza Kitui na Makueni

Neno makaa likitajwa Kitui au Makueni, fikira za msikilizaji hukimbilia gunia kando ya barabara na mti uliokatwa. Si ajabu. Mvua ikikosekana na mahindi yakakauka, uchomaji makaa huwa tegemeo la karo na chakula. Ndiyo sababu hatua ya mwaka 2018, serikali ya Kaunti ya Kitui ilipopiga marufuku usafirishaji wa makaa nje ya kaunti hiyo, ilizua mjadala mkali. Makala haya yanaangazia matumizi mengine ya makaa, yasiyohitaji kuangusha mti: kuchora wanyama kwa kujifurahisha.

Penseli ya kawaida ya darasani ina grafaiti, ambayo humetameta na haifikii weusi kamili. Penseli ya makaa ina unga wa makaa ulioshindiliwa pamoja na kitu cha kuugandisha, na weusi wake ni mzito, usiong'aa. Asiyeipata dukani aweza kujitengenezea vijiti. Vitawi vikavu vyembamba, hata vile vilivyopogolewa mwembeni, huambuliwa magome, hutiwa ndani ya kopo la bati lenye kifuniko kilichotobolewa tundu dogo, kisha kopo huwekwa motoni. Moshi ukikoma kutoka tunduni, kopo huepuliwa na kuachwa lipoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Hewa ikiingia mapema, vijiti huwaka vikawa jivu. Kanuni ni ile ile ya tanuri la makaa.

Kwa nini makaa yamfae anayechora wanyama? Mnyama hatulii. Chembe za makaa hushika karatasi kijuujuu tu, hivyo mstari uliokosewa hupanguswa kwa kitambaa na kuchorwa upya upesi. Hapa ndipo mchoraji anapotofautiana na mchongaji. Mutisya Munge wa Wamunyu, Machakos, anayetajwa kuwa mwasisi wa uchongaji wa kisasa wa Wakamba baada ya Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, alifanya kazi kwa kuondoa mbao, na mbao ikishaondolewa hairudi.

Tumchukue punda aliyesimama kisimani akingoja mitungi ijazwe. Kwanza, mchoraji huchora mstari mmoja kutoka utosini, kupitia mgongoni hadi mkiani. Mstari huo ndio unaobeba uchovu wake. Pili, huweka maumbo makubwa ya kifua, tumbo na mapaja, bila kujali manyoya. Tatu, hutia weusi panapokosa mwanga. Mwisho, hutumia kifutio, au tonge la mkate laini kama walivyofanya wachoraji wa kale, kunyanyua weusi na kurejesha mwanga mgongoni.

Hatua ya tatu inatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Neno kivuli hutaja mahali mbuzi anapojipumzisha, umbo jeusi linaloanguka ardhini, na pia upande wa mwili usiopata mwanga. Anayeanza, akiambiwa "tia kivuli", mara nyingi hupaka weusi chini ya miguu na kuliacha tumbo likiwa bapa kama karatasi. Tukisema "kivuli cha mwili" na "kivuli cha ardhini", kosa hilo hutoweka kabla mkono haujagusa karatasi. Hatuhitaji istilahi ngeni; twahitaji kuyapambanua maneno tuliyo nayo.

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mchoraji anayeanza, hata hivyo, huhitaji kuambiwa, tena kwa lugha anayoielewa vyema. La sivyo huiga mkono wa mwalimu badala ya kumtazama punda. Kumwandalia maelezo hayo kwa Kiswahili sanifu ni jukumu letu, wanafunzi na wahadhiri, na twaweza kuanza na kijiti kimoja cha makaa.