Ploti ya Loresho ni kitu cha aina gani?

Chimba popote Loresho, mtaa wa Nairobi, utakutana na udongo mwekundu wa mfinyanzi uliotokana na miamba ya volkano. Udongo huo haukungoja binadamu ili uwepo. Je, ploti ya nusu ekari iliyo juu yake? Chimba upendavyo, huipati. Labda utagonga bikoni ya zege iliyofukiwa na sorveya, basi. Ploti yenyewe imo kwenye ramani na sajili ya ardhi.

Hapo ndipo uasilia, ile falsafa inayotambua tu vitu ambavyo sayansi inaweza kuvichunguza, unapopata taabu. Ukisema ploti haipo, benki iliyoishika rehani itakushangaa. Mwanafalsafa John Searle wa Marekani, katika kitabu chake cha 1995, alijibu kwamba pesa na mali zipo kwa sababu watu kwa pamoja wanazitambua. Mwanafalsafa mwenzake Barry Smith naye alitenga mipaka ya aina mbili: iliyopo yenyewe, na iliyowekwa kwa tamko.

Matamko hubadilika. Jomo Kenyatta aliandika mwaka 1938 jinsi Wagikuyu walivyopanda mimea ya itoka mpakani mbele ya mashahidi. Lakini tayari sheria ya kikoloni ya 1915 ilikuwa imeigeuza ardhi ya Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Udongo ule ule, mwenyewe akawa mpangaji.

Mto je, si wa asili? Kanuni za maji za 2007 zilitenga kando yake ukanda wa mita 6 hadi 30, kulingana na upana wa mto. Upana upi, wa Februari ya ukavu au wa Aprili ya mvua? Lazima mtu aamue ukingo unaanzia wapi, na uamuzi huo si mchezo: Agosti 2018, jengo la Ukay Centre, Westlands, lilibomolewa kwa hoja kwamba limekalia ardhi ya mto.

Wapo wanaorukia hapo kusema hata mto umeundwa na jamii. Mimi siwafuati. Kuchagua pa kuanzia kupima si kuyaleta maji. Mafuriko ya 2024 yalipita Nairobi bila kumuuliza mtu hatimiliki, nayo sajili haikupunguza hata futi moja ya ploti zilizoliwa kingo. Kwa hilo, mpaka mwenye ploti amlete sorveya.