Kompyuta Ikiwa na Giza, Usikimbilie Kununua Kioo Kipya

Vikundi vingi siku hizi huweka hesabu za akiba na mikopo kwa kompyuta ya mkononi, na mara nyingi ni ya zamani, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika. Siku ya mkutano katibu anaifungua, inanguruma kama kawaida, lakini kioo ni cheusi. Wanachama wanaanza kutazamana: je, hesabu zetu zimepotea?

Hesabu haziko kwenye kioo, ziko ndani ya kompyuta. Na pengine hata kioo ni kizima. Picha hutokea mbele, lakini mwanga hutoka kwa taa iliyo nyuma yake. Taa ikifa, picha ipo ila haionekani.

Kwanza chomeka chaja, maana kompyuta ikitumia betri hupunguza mwanga yenyewe. Bonyeza vile vidude vya kuongeza mwanga, vyenye alama ya jua. Bado giza? Tafuta tochi. Mkiwa mahali pasipo na mwanga mwingi, mmulike kioo kutoka upande. Mkiona maandishi kwa mbali kama kivuli, hapo mjue ni taa ya nyuma. Msipoona kitu, huenda shida iko kwingine.

Hapa kwetu Kaptagat, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, baridi nayo ina mambo yake. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2010 hivi zina taa ya mrija mwembamba wa kioo, ndugu wa zile taa ndefu za dukani. Mrija ukiwa baridi hutoa mwanga hafifu, kwa hiyo asubuhi ipeni kompyuta dakika kumi kabla ya kuilaumu. Ikishapata joto na mwanga bado ni mwekundu-mwekundu, mrija umezeeka. Ikiwaka sekunde mbili kisha giza, shida ni mrija au inveta, kile kibao kidogo kinachoupa umeme. Na kama mwanga unakuja na kupotea mkisogeza kifuniko, chunguzeni waya unaopita kwenye bawaba. Kompyuta za baadaye hutumia taa za LED. Hizo hazina mrija wala inveta ya namna hiyo.

Vijana wetu wanapenda bisibisi, lakini hapa waiweke chini. Inveta hutoa volti mia kadhaa hata kama kompyuta inatumia betri tu, na ndani ya mrija kuna zebaki, ambayo ni sumu. Mrija uliotolewa usitupwe shambani wala chooni, mwachieni fundi.

Kabla ya kwenda Eldoret, ombeni televisheni au skrini ya kompyuta nyingine, muiunganishe kwa waya. Picha ikitokea huko, nakilini hesabu zote kwenye flashi, na flashi ibaki kwa mweka hazina. Mimi ningefanya hili hata kabla ya kuuliza bei.

Kisha mwambieni fundi mlichoona kwa tochi. Akisema ati lazima kioo kizima kibadilishwe, muulizeni bei ya inveta peke yake, na ya mrija peke yake. Katibu asiende pekee yake. Aandamane na mwanachama mmoja, na warudi na risiti.