Mafunzo ya Tahadhari dhidi ya Ugaidi kwa Watumishi wa Maeneo ya Umma: Funzo la Agosti 7, 1998

Katika shambulio la ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, mlinzi alikataa kufungua kizuizi, na mshambuliaji akarusha guruneti. Watu wa majengo ya jirani walikimbilia madirishani kutazama. Bomu lilipolipuka, vioo viliwapofusha wengi. Nairobi pekee waliuawa watu 213. Dar es Salaam, siku hiyohiyo, 11. Ushupavu wa mlinzi langoni, kwa hiyo, haukutosha. Mtumishi wa soko, shule au kituo cha afya Mtambile, Wilaya ya Mkoani, anahitaji zaidi jambo jepesi lisilo na gharama: asikiapo kishindo, awaondoe watu dirishani na kuwalaza chini. Udadisi ni tabia ya binadamu, na tangazo la ukutani haliuzuii. Ndiyo maana hatua hiyo hufunzwa kwa mazoezi yanayorudiwa.