Mama na Binti katika Safari ya Tambudzai

Mwaka 1990 Maureen Murdock, mtaalamu wa tiba ya nafsi wa Marekani, alichapisha kitabu juu ya safari ya shujaa wa kike, akimjibu Joseph Campbell aliyekuwa ameeleza safari ya shujaa wa ngano mwaka 1949. Kwa maoni ya Murdock, binti huanza kwa kumkana mama, hutafuta sifa katika ulimwengu wa baba, huishiwa nguvu, kisha hurudi kuuponya ufa ulioko baina yake na mama. Nadharia hiyo yafaa kupimwa kwa riwaya tatu za Tsitsi Dangarembga wa Zimbabwe, zinazomfuata mhusika mmoja, Tambudzai: Nervous Conditions (1988), The Book of Not (2006) na This Mournable Body (2018).

Mwanzo waafikiana na Murdock. Tambudzai hataki kufanana na mama yake, mkulima aliyechoshwa na jembe na uzazi. Kielelezo chake ni Babamukuru, baba yake mkubwa, mkuu wa shule ya misheni. Lakini safari yenyewe ilianza kwa msaada wa mama. Karo ilipokosekana, mama ndiye aliyesema mtoto apewe mbegu ajaribu, na Tambudzai akalima mahindi yake. Jambo hili ni rahisi kusahauliwa, na binti mwenyewe hulisahau.

Zaidi ya hayo, mama ana sababu zake. Mwanawe wa kiume, Nhamo, alifia misheni mwaka 1968, naye alikuwa amekwisha kuanza kuiacha lugha ya nyumbani. Basi binti achaguliwapo kuingia shule ya masista wa Kizungu, mama aacha kula. Mtu angedhani ni wivu, kumbe ni matanga yaliyotangulia kifo. Anayemrudishia uhai ni Lucia, mdogo wake, wala si Tambudzai.

Ama kurudi, ambako kwa Murdock ndiko kwenye tiba, huja katika riwaya ya tatu. Tambudzai, aliyepungukiwa mjini, arudi kijijini kwa niaba ya kampuni ya utalii. Mama yake na wanawake wenzake wapangiwa kucheza vifua wazi mbele ya wageni. Binti amekuja kuyauza yale aliyoyakimbia, na bidhaa ni mwili wa mzazi wake. Mgeni ainua kamera. Mama amrukia na kuivunja.